Roti inanimalizia pesa, na kuiacha siwezi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Pangani, na tangu Septemba iliyopita niko Uholanzi kwa masomo ya uzamili. Ninasoma Delft lakini ninaishi Den Haag, mji ambao huko kwetu tunausikia kwa jina la The Hague kila inapotajwa mahakama ya kimataifa. Nikishalipa kodi ya chumba, bima na nauli, ninabakiwa na takriban euro 240 za chakula kwa mwezi, na hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Wiki za mwanzo nilijitahidi kula kama wenyeji wanavyokula mchana, yaani mkate baridi, kipande cha jibini na glasi ya maziwa. Nilivumilia hadi baridi ilipoanza. Mwezi wa Novemba mwanafunzi mwenzangu akanipeleka kwenye mgahawa mdogo wa Kisuriname karibu na kituo cha tramu, nikaagiza kitu kinachoitwa roti kip, kwa maana ya roti na kuku. Nilipofungua ule mfuko nilikuta chapati kubwa laini iliyokunjwa mara nne, kuku wa mchuzi mzito wa bizari, viazi, maharage marefu ya kijani na yai la kuchemsha lililobadilika rangi kwa kukaa mchuzini. Sikuzungumza na mtu hadi nilipomaliza.

Tangu siku hiyo ninakwenda mara nne kwa wiki. Sahani moja ni euro 12 na senti 50, kwa hiyo ni euro 50 kwa wiki na 200 kwa mwezi, na siku zilizobaki ninaishi kwa chai na mkate. Mwezi uliopita nilimkopa mwenzangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Wenzangu wa kutoka nyumbani wananicheka kwamba nimevuka bahari ili nije kula chapati.

Kuna mambo mengine mawili. Siku moja, katika mgahawa mwingine, niliagiza moksi meti kwa sababu jina lilinipendeza, na nilipokuwa nimefika nusu ya sahani nikaambiwa kwamba vile vipande vyekundu vitamuvitamu ni nguruwe. Mimi ni Mwislamu, Shangazi, na usiku ule sikulala. La pili ni kuhusu mzee anayeuza pale ninapokula. Nilitaka kumsifu, nikamwambia mbele ya watu waliopanga foleni kwamba chakula chao Wahindi kinafanana sana na chetu. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kukanyaga India. Akanihudumia bila neno jingine, na tangu siku hiyo hanitazami usoni.

Nifanyeje ili niendelee kukila chakula hiki bila kufilisika na bila kula haramu, na mzee yule nimwendeeje? Kama nafasi itaruhusu, naomba pia unisaidie kuhusu muhogo: nimeununua sokoni mara tatu, na mara mbili nimeukuta mweusi ndani.

Mpenda Roti, Den Haag

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na njaa, jambo ambalo simshauri mtu. Niliishi Rotterdam miaka tisa, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka mtaa wa West-Kruiskade, ambako toko, yaani maduka ya vyakula vya kigeni, na migahawa ya Kisuriname imepakana na ya Wachina, kwa hiyo ugonjwa wako ninaufahamu vizuri. Nitaanza na mzee, ingawa wewe ulimweka karibu na mwisho, kwa sababu ukishaelewa kilichomkera, suala la nguruwe na suala la pesa yatakuwa mepesi kuliko unavyodhani.

Suriname iko Amerika ya Kusini, kaskazini mwa Brazili, na ilitawaliwa na Uholanzi hadi tarehe 25 Novemba 1975. Mashamba yake ya miwa na kahawa yalilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, hadi utumwa ulipofutwa tarehe 1 Julai 1863. Na hata hapo wengi wa walioachiwa walilazimishwa kufanya kazi kwa mkataba miaka 10 zaidi chini ya usimamizi wa serikali. Miaka hiyo ilipokwisha, wenye mashamba walikuwa wameshaanza kutafuta mikono mingine. Tarehe 5 Juni 1873 meli iitwayo Lalla Rookh ilifika Suriname ikiwa na vibarua wa kwanza wa mkataba kutoka India, waliopandia Calcutta, na kuanzia mwaka 1890 wakaletwa wengine kutoka kisiwa cha Java. Wachina walikuwa wametangulia tangu mwaka 1853. Uhuru ulipokaribia, na katika miaka michache iliyoufuata, maelfu kwa maelfu ya watu wa makabila hayo yote walihamia Uholanzi. Waliotoka katika ukoo wa vibarua wa India, ambao hujiita Wahindustani, wengi walikaa hapo hapo Den Haag ulipo wewe, na Wakrioli, yaani wazao wa Waafrika, wengi walikwenda Amsterdam, hasa eneo la Bijlmer.

Sasa mtazame mzee wako. Yeye au wazazi wake wametoka Suriname, na ukoo wake ulikwishaondoka India zaidi ya karne moja iliyopita. Umemwita Mhindi mbele ya wateja wake. Ni kama mtu akuone wewe wa Pangani unakula biriani, akusifu kwa kusema kwamba chakula chenu Waarabu ni kitamu. Usingemtukana, lakini ungemjibu mkato vilevile.

Undugu uliouhisi, hata hivyo, hukuukosea. Wahindi walikuja pwani yetu pia, wafanyabiashara kwanza, kisha vibarua wa kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, na chapati tunayoisukuma asubuhi ya Idi inatokana na ujio huo. Hao na wazee wa huyu bwana walitoka nchi moja, wakapanda meli zilizoelekea pande mbili za dunia. Tofauti iliyopo ni ya mkono wa mpishi: roti ya Kisuriname mara nyingi hutiwa ndani dengu za manjano zilizochemshwa na kusagwa pamoja na bizari nyembamba, ndiyo maana ukiichana huona unga wa njano ukidondoka, na ndiyo maana inashibisha kuliko ya kwetu. Lisemee hilo kwa jina lake, naye atakusikiliza.

Nenda siku isiyo na foleni, kama saa tisa alasiri. Usimwendee na hotuba ya kuomba radhi. Wasuriname huwaita wazee wao oom na tante, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi, hivyo msalimie kwa kumwita oom, agiza, kisha mwambie kwamba juzi ulisema usichokijua na kwamba ungependa kusikia familia yake ilitoka wilaya gani ya Suriname. Halafu kaa pale pale, uweke uma pembeni, ule kwa mkono, kwa sababu roti huliwa kwa mkono na wewe tangu utotoni hukufundishwa vingine. Nimewahi kuona muuzaji mmoja mkali wa Rotterdam akimwongezea mteja kijiko cha mchuzi kwa sababu hiyo tu.

Tuje kwenye halali. Kosa lako la moksi meti lilitokana na kudhani kwamba jiko la Kisuriname ni moja, ilhali ni majiko kadhaa yanayotumia ubao mmoja wa bei. Moksi katika Sranan, lugha ya Wasuriname, ni mchanganyiko na meti ni nyama, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa limekutahadharisha. Ni sahani yenye asili ya Kichina, na nyama nyekundu ya kuchoma iliyomo kwa kawaida ni nguruwe. Ulikula bila kujua, na hukumu ya jambo hilo unaifahamu kuliko mimi, kwa hiyo lala usingizi. Kwa Wakrioli uwe macho na wali wa maharage ya kahawia, ambao hupikwa na nyama ya chumvi na mara nyingine hutiwa mkia wa nguruwe, na usiguse kitu kinachoitwa bloedworst, kwa kuwa hiyo ni soseji ya damu. Wajava wa Suriname wengi ni Waislamu, na migahawa yao, inayoitwa warung, ndiko ninakokuelekeza kwanza. Mgahawa wa roti wa Wahindustani mara nyingi hauuzi nguruwe wala ng'ombe, kwa kuwa wateja wake ni Wahindu na Waislamu kwa pamoja, lakini mahali pasipo na nguruwe si lazima kuku wake awe amechinjwa kwa sheria. Tafuta kibandiko cha halal dirishani, na usipokiona, uliza. Neno hilo hilo linaeleweka Uholanzi nzima na hakuna atakayeudhika. Siku ya mashaka kabisa, agiza samaki.

Na hapo kwenye samaki ndipo pesa yako ilipojificha, mwanangu. Wewe umeijua sahani moja, nayo ni miongoni mwa sahani za bei ya juu ubaoni. Kuna mkate mdogo laini unaoitwa broodje, ambao hujazwa takriban kila kinachopikwa jikoni, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya sahani yako. Uagize wa bakkeljauw, yaani samaki wa chumvi aliyelowekwa, akachambuliwa na kukaangwa na vitunguu na nyanya. Mtu aliyekulia pwani akila ng'onda hahitaji kuelezwa zaidi. Uagize pia wa pom, ambao ndani yake kuna kuku aliyeokwa katikati ya kiazi kilichokunwa, cha jamii moja na magimbi, na kukolezwa maji ya machungwa. Mara ya kwanza utadhani kimeharibika kwa sababu ya uchachu wake. Mara ya pili utakitafuta.

Kuna bara, kitumbua cha unga wa choroko nyeusi chenye majani ya magimbi ndani, ambacho ni binamu wa bajia na huliwa na chatne. Viwili ni chakula cha mchana. Kuna bakabana, ndizi mbivu iliyochovywa katika uji wa unga, ikakaangwa na kuliwa na mchuzi wa karanga. Na kwenye warung kuna telo, ambao ni muhogo uliochemshwa kisha ukakaangwa, na ukiuomba na teri utaletewa pamoja na visamaki vidogo vikavu vilivyokaangwa kwa pilipili na sukari kidogo. Wale wanaokucheka kwamba umevuka bahari kuja kula chapati, wapeleke wakale muhogo na dagaa, uone kama watakuwa na la kusema.

Jambo lililonishangaza katika barua yako ni kwamba unaila sahani nzima peke yako kwa mlo mmoja. Sahani ya roti hupakuliwa kwa ukarimu, na mimi na jirani yangu tulikuwa tukigawana moja, tukiongeza roti tupu moja. Roti tupu huuzwa, ingawa huenda hujaiona ubaoni. Ukiomba losse roti utapewa kwa euro mbili au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote nilizokuandalia, kwa sababu kazi ngumu katika mlo huu ni roti yenyewe, na kuku unaweza kumpika mwenyewe.

Mpike hivi. Nunua mapaja ya kuku yenye mifupa, kilo moja na nusu, kwenye bucha ya Waturuki au Wamoroko ya mtaani kwenu, na masala ya Kisuriname kwenye toko. Usitumie bizari uliyotumiwa kutoka nyumbani, kwa kuwa ile yao imekaangwa zaidi kabla ya kusagwa na ndiyo inayoleta rangi ya kahawia. Kaanga vitunguu na kitunguu saumu, tia vijiko vitatu vya masala na maji kidogo, koroga bila kuondoka hadi mafuta yajitenge pembeni na harufu mbichi iishe. Hapo ndipo wengi huharakisha, na mchuzi wao hubaki na ladha ya vumbi. Tia kuku, mgeuze hadi ashike rangi, kisha viazi na maji. Juu yake laza pilipili moja nzima ya njano inayoitwa Madame Jeanette, ambayo ni kama pilipili mbuzi yetu, na usiipasue: unataka harufu yake tu, na ikipasuka humo chunguni utaniandikia barua nyingine. Mayai ya kuchemsha huingia mwishoni. Yale maharage marefu huitwa kousenband, nayo ni jamii ya kunde, kwa hiyo yakaange pembeni na kitunguu na nyanya kama unavyokaanga mboga yoyote ya kwenu.

Chungu hicho, pamoja na roti tupu nne, kitakugharimu karibu euro 20 na kukulisha mara nne, wakati milo hiyo hiyo minne mgahawani inakutoa euro 50. Siku ukiwa na wali badala ya roti, gharama inashuka tena. Mchuzi hulala vizuri kwenye jokofu na kesho yake huwa mtamu zaidi. Roti usiipashe moto ikiwa wazi, itakuwa ngozi ya ngoma. Ifunge katika kitambaa chenye unyevu kwanza.

Kwa hiyo ninakupangia hivi: kwa wiki pika mara moja, kula sahani ya mgahawani mara moja, na broodje mara moja au mbili. Kwa mwezi ni kama euro 50 za sahani, 80 za chungu na 30 za mikate, na unabaki na 80 za chai, maziwa, matunda na mengineyo, pamoja na fungu la kumlipa yule mwenzako. Deni hilo limalize kwanza, hata ikibidi mwezi mmoja upite bila sahani ya mgahawani. Siwezi kukukatalia roti, lakini roti ya kukopa haifai.

Unaishi pia katika mji ambao una Haagse Markt, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi Ulaya, linalofanya kazi Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Nenda Jumamosi jioni, wauzaji wanapokaribia kufunga na kuanza kuita bei ya bakuli zima badala ya kilo. Utapata bamia, karela ambayo wao huiita sopropo, na antroewa, jamaa wa nyanya chungu, ambayo mimi niliipika na nazi miaka yote tisa bila ya Mholanzi yeyote kunielewa. Dagoeblad ni jamaa wa matembele na hupikwa vivyo hivyo. Hapo jirani, kwenye Paul Krugerlaan, maduka ya Wahindustani yatakupa masala, dengu na unga.

Ukiwa bado hapo tarehe 1 Julai, siku ya Keti Koti ya kukumbuka kukatwa kwa minyororo ya utumwa, tafuta heri heri. Ni muhogo, viazi vitamu, ndizi na magimbi ya kuchemsha, yai na samaki wa chumvi, vyote katika sahani moja. Jina lenyewe litakuchekesha. Chakula hakichekeshi, kwa maana wanaokila siku hiyo wanakumbuka walichokula babu zao mashambani, kwa hiyo pokea sahani yako kwa adabu na usimwambie mtu kwamba kinafanana na futari.

Kuhusu muhogo, uliokuwa ukiununua umesafiri wiki kadhaa ukiwa umepakwa nta, na nta huficha kila kitu. Ukilazimika kuununua mbichi, mwombe muuzaji aukate ncha mbele yako. Ukiona mistari ya buluu au nyeusi kwenye nyama yake, mrudishie. La sivyo fungua friza ya toko, chini kabisa, karibu na majani ya magimbi yaliyogandishwa, utakuta muhogo uliokwisha kumenywa na kukatwa katika mifuko ya kilo moja. Usisubiri uyeyuke. Utie kwenye maji yanayochemka yenye chumvi ukiwa na barafu yake, na uutoe unapoanza kupasuka katikati.